Mwongozo Kamili wa Kuongeza Kasi ya Kuhamisha Data kati ya Kompyuta Mbili

Folda yenye GB 500 inaweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa muda wa saa 12, au kwa saa moja na robo, au kwa nusu saa, kutegemea kiungo kilichopo kati yao. Kiungo cha megabiti 100 kikiwa katika hali nzuri hupitisha takriban MB 11.5 kwa sekunde, cha gigabiti 1 hupitisha takriban MB 112, na cha gigabiti 2.5 hukaribia MB 280. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye kompyuta mbili zilizo mahali pamoja, kwa mfano studio ya video za harusi inayohamisha kazi za miaka kadhaa kutoka mashine ya mezani ya zamani kwenda kwenye kompyuta mpakato mpya, na unafuata utaratibu ambao fundi makini angeufuata: kupima kwanza, kisha kutengeneza kile tu ambacho vipimo vimeonyesha kuwa ndicho kinachobana. Amri zilizotolewa ni za Windows 10 na 11, na Linux imetajwa pale inapotofautiana.

Kusoma namba kabla ya kugusa chochote

Kadi za mtandao, swichi (visanduku vya kuunganisha kompyuta kadhaa kwa kebo) na ruta huuzwa kwa kipimo cha biti kwa sekunde, ilhali dirisha la kunakili faili katika Windows huonyesha baiti kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo gigabiti 1 ni sawa na MB 125, na baada ya kuondoa nafasi inayochukuliwa na taarifa za anwani zinazoambatana na kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha data kinachosafiri, hubaki takriban MB 118 katika hali bora kabisa.

Ukishaielewa hesabu hiyo, namba iliyo kwenye dirisha la kunakili inaanza kukueleza mambo mengi. Anayeona MB 112 kwenye kiungo cha gigabiti 1 amefika ukingoni mwa uwezo wa vifaa vyake, na akitaka zaidi ya hapo hana budi kununua vingine. Anayeona MB 11 na pointi kadhaa, naye anaamini kuwa vifaa vyake vyote ni vya gigabiti, anaweza kuwa karibu na hakika kwamba kiungo kimeshuka hadi megabiti 100. Namba inayoganda kati ya MB 30 na 40 mara nyingi huashiria tundu la USB 2.0, ama kwa sababu diski ya nje imechomekwa hapo, ama kwa sababu hapo ndipo ilipochomekwa adapta ya mtandao. Namba inayoanza juu sana kwa sekunde chache kisha ikaporomoka haihusiani na kebo hata kidogo, kwani inatokana na diski, na jambo hilo limefafanuliwa mbele.

Data ikitoka upande mmoja hupita kwenye diski inayosomwa, prosesa, kadi ya mtandao, kebo, swichi au ruta kama ipo, kadi ya upande wa pili, na hatimaye diski inayoandikwa. Mwendo wa safari nzima huamuliwa na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, na kuongeza uwezo wa sehemu nyingine yoyote hakubadilishi kitu. Ndiyo maana ushauri wa aina ya "badilisha mipangilio hii kumi" mara nyingi humwacha mtu palepale alipoanzia, tena akiwa hajui tena alichobadilisha.

Hatua ya kwanza: unganisha kompyuta kwa kebo, bila kitu katikati

Wi-Fi ni nzuri kwa kuvinjari, lakini kwa kazi ya mamia ya GB ni chaguo la mwisho. Vifaa vyote vilivyo kwenye mkondo mmoja wa redio hupokezana zamu ya kuzungumza, na kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi ya ruta moja, kila pakiti hupita hewani mara mbili, mara ya kwanza kutoka kwa mtumaji kwenda kwenye ruta na mara ya pili kutoka kwenye ruta kwenda kwa mpokeaji. Kama huna namna nyingine, unganisha walau kompyuta moja kwa kebo kwenye ruta ili data ipite hewani mara moja tu, tumia bendi ya gigahezi 5 badala ya 2.4, na uziweke kompyuta katika chumba kimoja na ruta.

Aliye na kebo hahitaji ruta wala swichi. Kompyuta mbili zinaweza kuunganishwa ana kwa ana kwa kebo ya kawaida ya mtandao, kwa kuwa kadi za gigabiti hujitambulia zenyewe jozi ipi itume na ipi ipokee; ile kebo maalumu ya kupishanisha nyaya iliyohitajika zamani haina kazi tena. Usijaribu kuunganisha kompyuta mbili kwa kebo ya kawaida ya USB yenye vichwa bapa pande zote mbili, kwani matundu yote mawili hutoa umeme na yanaweza kuharibika.

Kwa kuwa hakuna ruta ya kugawa anwani, zipe kompyuta anwani mwenyewe. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi kwenye kompyuta ya kwanza na uandike:

`New-NetIPAddress -InterfaceAlias "Ethernet" -IPAddress 192.168.50.1 -PrefixLength 24`

Kwenye ya pili andika amri hiyohiyo kwa anwani 192.168.50.2. Kama kadi yako inaitwa jina jingine, utaliona kwa amri ya `Get-NetAdapter`. Windows huuchukulia mtandao usio na ruta kuwa ni wa hadharani na kuzuia ushirikishaji wa folda, kwa hiyo uutangaze kuwa ni wa faragha kwa amri ya `Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private`. Ukiwasha upya kompyuta, hakiki tena, kwani mpangilio huo unaweza kurudi ulivyokuwa.

Lipo kosa moja ambalo ni rahisi kutoliona: kompyuta zote mbili zinabaki kwenye Wi-Fi huku kebo nayo imechomekwa, kisha mtu anafungua folda ya upande wa pili kwa kutumia jina la kompyuta. Windows inaweza kulitafsiri jina hilo kuwa anwani ya Wi-Fi, na data yote ikapita hewani wakati kebo imekaa bure. Zima Wi-Fi kwa muda wa kazi hiyo, au fungua folda kwa anwani ya kebo, yaani `\\192.168.50.2\Kazi`, ambapo Kazi ni jina la folda iliyoshirikishwa kwenye kompyuta ya pili.

Hatua ya pili: hakiki kiungo chenyewe

Andika `Get-NetAdapter` na utazame safu ya LinkSpeed. Katika Linux tumia `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi, kisha utafute mstari wa Speed. Ukiona Gbps 1 (gigabiti 1 kwa sekunde) au zaidi, nenda hatua inayofuata. Ukiona Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) na kadi zote mbili ni za gigabiti, tatizo liko kwenye kebo au vichwa vyake, na hapa inafaa kueleza sababu.

Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne. Kiungo cha megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zile zinazoingia kwenye pini za 1, 2, 3 na 6, lakini kiungo cha gigabiti 1 hutumia jozi zote nne kwa wakati mmoja. Kwa hiyo waya mmoja wa buluu au wa kahawia ukikatika, au usipofika vizuri kwenye pini yake, mawasiliano hayakatiki. Kadi nyingi hushuka kimyakimya hadi megabiti 100, taa zinaendelea kuwaka, intaneti inafunguka kama kawaida, na mwenye kompyuta anaweza kukaa miaka na hali hiyo bila kuijua. Kishike kichwa cha kebo kwenye mwanga, upande wa kijipini cha kubonyeza ukiwa chini na ncha za nyaya zikielekea mbele, na usome rangi kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Huo ndio mpangilio wa T568B ambao mafundi wengi huutumia. Kila waya uwe umefika mwisho wa kichwa, na meno ya shaba yawe yameuuma. Waya uliobaki nyuma hata milimita mbili ndio unaokuibia kasi yako.

Jambo jingine ni ubora wa kebo. Kebo ya daraja la Cat5e iliyotengenezwa kwa shaba tupu hubeba gigabiti 1 hadi mita 100, kwa hiyo kununua Cat7 ya bei kubwa kwa ajili ya mita mbili ni kutupa fedha. Kinachofaa kuogopwa ni kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu, inayouzwa kwa bei nafuu na kuandikwa Cat6 kwenye ganda. Kata kipande na ukwangue waya kwa kisu; ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini. Hukatika upesi inapokunjwakunjwa na hupoteza nguvu ya ishara katika masafa marefu.

Usilazimishe kasi kwa mkono katika mipangilio ya kadi. Ukiufunga upande mmoja kwenye megabiti 100 za pande mbili na kuuacha mwingine ujitambulie wenyewe, ule wa pili utaangukia kwenye hali ya kupokezana zamu, pakiti zitagongana, na kasi itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Acha pande zote mbili kwenye Auto Negotiation.

Hatua ya tatu: pima mtandao bila kuzihusisha diski

Kwa kazi hii chombo cha kuaminika ni iperf3, programu ya bure inayoendelezwa na ESnet, mtandao wa utafiti wa Wizara ya Nishati ya Marekani. Hutengeneza data kwenye kumbukumbu na kuituma upande wa pili ambako hutupwa, hivyo diski haziingii kabisa katika kipimo. Kwenye kompyuta ya kwanza andika `iperf3 -s`, ukubali Windows inapouliza kama programu hii iruhusiwe kupokea mawasiliano, kisha kwenye ya pili uandike `iperf3 -c 192.168.50.1`. Baada ya sekunde kumi utapata jibu. Rudia kwa kuongeza `-R` ili data irudi upande wa pili, kwani kebo mbovu huweza kuwa nzuri upande mmoja na mbaya upande mwingine.

Kiungo kizima cha gigabiti 1 hutoa takriban megabiti 940 kwa sekunde. Ukipata namba hiyo pande zote mbili, achana na mtandao kabisa: kebo, kadi na vijiendeshi vyake (programu zinazoziendesha kadi) ni vizima, na kama faili bado zinakwenda polepole, tafuta tatizo kwenye diski au kwenye namna ya kunakili. Ukipata chini ya 800, badilisha kebo kwanza, kisha sasisha kijiendeshi cha kadi kutoka kwa mtengenezaji, kisha zima kwa muda antivairasi zenye kazi ya kukagua mawasiliano ya mtandao, ukipima upya baada ya kila badiliko moja.

Hatua ya nne: pima diski

Kwa mashine za zamani, sehemu inayobana mara nyingi ni diski ngumu ya kuzunguka. Diski ya mpakato ya mizunguko 5,400 kwa dakika husoma faili kubwa kwa takriban MB 80 hadi 120 kwa sekunde pale data inapokuwa imepangika, na hushuka vibaya faili zikiwa ndogondogo, kwa sababu kichwa cha kusomea hulazimika kurukaruka. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, hufikia MB 550 ikiwa ya SATA, kiungo cha kawaida cha diski, na za NVMe, aina yenye kasi zaidi, hupita MB 2,000 bila shida. Flashi ya bei rahisi inaweza kuandika kwa MB 10 tu hata ikiwa na maandishi ya USB 3.0.

Fungua Task Manager wakati wa kunakili, uende kwenye sehemu ya Performance, na utazame diski za kompyuta zote mbili. Inayoonyesha asilimia 100 wakati kiungo cha mtandao hakijajaa ndiyo unayoitafuta. Hapa ndipo ile grafu inayoanza juu kisha kuporomoka inapopata maelezo yake. Windows hupokea data kwenye RAM kabla ya kuiandika, na SSD nyingi za bei ya chini huwa na eneo dogo la kasi linalojaa baada ya GB kadhaa, likishajaa zinaandika kwa kasi ya seli za kawaida. Kwa hiyo usiihukumu kasi kwa dakika ya kwanza.

Diski ya kuzunguka haiwezi kuharakishwa kwa mipangilio, ila inaweza kupunguziwa mzigo. Funga programu zote zinazoisoma, usinakili folda mbili kwa wakati mmoja kutoka humo, na kama mashine inafunguka kwa urahisi, fikiria kuihamisha diski yenyewe hadi kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya SATA kwenda USB 3.0. Kwa GB 500 zilizo katika diski ngumu, njia hiyo huushinda mtandao wa megabiti 100 kwa mbali sana.

Hatua ya tano: chagua njia ya kunakili

Faili moja ya GB 20 na picha 40,000 zenye jumla ya GB 20 si mzigo mmoja. Kwa kila faili, kompyuta mbili huombana kufungua, kuandika jina, kuweka tarehe na ruhusa, kisha kufunga, na wakati wa mazungumzo hayo kiungo hubaki bila kazi. Dawa yake ni kuendesha mazungumzo mengi kwa pamoja. Katika Windows, programu ya robocopy imo tayari:

`robocopy D:\Harusi \\192.168.50.2\Kazi\Harusi /E /MT:16 /R:2 /W:5 /LOG:C:\Users\Public\nakala.txt`

Alama ya `/E` huchukua folda zote za ndani hata zilizo tupu, na `/MT:16` huendesha nakala 16 sambamba badala ya 8 za kawaida. Kwa SSD pande zote unaweza kupanda hadi 32. Kwa diski ya kuzunguka anza na 4, kwani ukizidisha, kichwa cha kusomea kitahangaika na kasi itashuka. Usiache kuandika `/R:2 /W:5`. Bila hizo, robocopy ikikutana na faili isiyosomeka hujaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utaikuta asubuhi imesimama palepale. Kwa faili chache kubwa sana, weka `/J` badala ya `/MT`. Jiepushe na `/MIR` isipokuwa unaielewa, maana hufuta upande wa pili kila kisichokuwemo upande wa kwanza.

Uzuri mwingine wa robocopy huonekana umeme unapokatika katikati ya kazi. Ukiirudia amri ileile, huruka faili zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki.

Katika Linux tumia programu ya kunakili iitwayo rsync, kwa amri ya `rsync -a --whole-file --partial --info=progress2`, na uache `-z`, kwa sababu kubana data ambayo tayari ni video au JPEG huichosha prosesa bila faida. Rsync inayopitia SSH, njia salama ya kuwasiliana na kompyuta nyingine, husimba kila baiti (huigeuza kuwa ya siri), na prosesa ya zamani isiyo na maelekezo ya AES, yaani ya usimbaji, huelemewa na kazi hiyo. Kwenye kebo iliyounganisha kompyuta mbili peke yake, unaweza kuacha usimbaji kabisa. Kwenye Ubuntu, kwa programu za tar (hufungasha faili) na nc (huzituma), mpokeaji huandika `nc -l 7000 | tar -xf -` na mtumaji huandika `tar -cf - Harusi | nc -N 192.168.50.2 7000`. Faili zote husafiri kama mkondo mmoja, na zile ndogondogo haziombani tena ruhusa moja moja. Usifanye hivyo kwenye mtandao wa ofisi au wa umma.

Mipangilio ambayo watu huipa uzito kupita kiasi

Pakiti kubwa za baiti 9,000 husifiwa sana. Hesabu yake ni hii: kwa pakiti za kawaida za baiti 1,500, takriban asilimia 95 ya kiungo hubeba data halisi, na kwa pakiti kubwa ni asilimia 99. Kwenye gigabiti 1 hiyo ni MB 5 za ziada kwa sekunde, na ukikosea upande mmoja, uhamishaji unaweza kuganda kabisa. Kwenye gigabiti 10 faida ni kubwa zaidi kwa kuwa prosesa hupunguziwa idadi ya pakiti. Ukiamua kuiwasha, iwashe pande zote mbili na uthibitishe kwa `ping -f -l 8972 192.168.50.2`.

Windows 11 Pro toleo la 24H2 hudai kila ujumbe wa ushirikishaji wa faili utiwe sahihi ya usalama. Sahihi hiyo huigharimu prosesa kidogo, lakini kwenye gigabiti 1 prosesa za kisasa haziihisi, na mimi nashauri iachwe. Athari yake inayosumbua zaidi ni kwamba folda iliyoshirikishwa bila nenosiri hukataliwa, hivyo weka akaunti yenye nenosiri.

Chomeka kompyuta mpakato kwenye umeme, kwani baadhi ya kadi hupunguza kasi zinapotumia betri, na uzuie kompyuta isilale. Antivairasi inayokagua kila faili inayoandikwa hupunguza sana kasi ya faili ndogo. Unaweza kuiambia iiache folda ya kupokelea kwa muda, mradi kompyuta imetoka kwenye intaneti na unaziamini faili zenyewe, kisha uikague folda nzima mwishoni.

Ukilazimika kununua

Kama vipimo vimeonyesha kiungo kimejaa na diski za pande zote ni SSD, adapta mbili za USB za gigabiti 2.5 ndizo zenye faida kubwa kuliko gharama yake. Hufanya kazi kwenye kebo ya Cat5e uliyo nayo, hazihitaji swichi mpya, na zinahitaji tu tundu la USB 3.0. Kompyuta mbili zenye Thunderbolt (tundu la kasi kubwa) haziombi hata adapta: kebo moja ya Thunderbolt iliyochomekwa kati yake hutambuliwa kama kadi ya mtandao, na hatua za anwani zilizoelezwa juu hutumika vilevile.

Kabla ya kufuta nakala ya zamani

Fungua faili ya `nakala.txt` na usome muhtasari ulio chini yake. Safu ya FAILED inapaswa kuwa na sifuri. Chagua faili kadhaa kubwa, uandike `certutil -hashfile` ikifuatiwa na njia ya faili na neno `SHA256` kwenye kila kompyuta, na ulinganishe mistari miwili inayotolewa, ambayo ni alama za utambulisho wa faili. Ikifanana herufi kwa herufi, faili hizo zimefika zikiwa kamili. Kisha ondoa anwani uliyoweka kwa `Remove-NetIPAddress -IPAddress 192.168.50.1`, na kwenye kompyuta ya pili `192.168.50.2`, urudishe kadi kwenye kupokea anwani zenyewe kwa `Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -Dhcp Enabled`, na uondoe ushirikishaji wa folda ya Kazi, la sivyo itabaki wazi kwa kila mtandao wa faragha utakaojiunga nao baadaye.